Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Afya, Leseni na Matangazo Lamu: Nani Anapima Madai ya Vidonge vya Vimeng'enya?

KWA: Waheshimiwa mnaosimamia afya ya jamii, leseni za biashara na matangazo ya hadhara, Lamu

YAH: MADAI YA TIBA YANAYOTOLEWA KWA VIRUTUBISHO VYA VIMENG'ENYA VINAVYOITWA VYA ASILI

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa heshima inayostahili nyadhifa zenu, ninawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimekwisha kuifuata na haikunifikisha popote. Niliandika barua, nikaipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, na nilipofuatilia nikaambiwa kwamba suala linashughulikiwa. Wakati likiendelea kushughulikiwa, meza za wauzaji zimeongezeka pale Mkunguni mbele ya Ngome, na vipaza sauti vyao vimevuka maji hadi Faza na Kizingitini. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake, na najua kwamba wengi wa vijana hawa waliuziwa kwanza wao wenyewe, wakaamini, ndipo wakapewa meza. Ninacholalamikia ni maneno yanayosemwa kuhusu kopo, ambayo kopo lenyewe halithubutu kuyasema, na ambayo hakuna aliyeyapima kabla hayajafika masikioni mwa wagonjwa.

Bidhaa ninazozungumzia ni kapsuli, vidonge na unga wa vimeng'enya, au enzaimu kama wauzaji wanavyoviita, vinavyonadiwa kuwa ni vya mananasi, mapapai na mimea mingine. Wateja huambiwa kwamba vinatibu sukari, presha, maumivu ya viungo, uvimbe wa kizazi na hata saratani. Kopo moja huuzwa kwa bei inayozidi anachopata mpakizi wa punda kwa siku kadhaa.

Mimi nimefundisha biolojia hadi nikastaafu, kwa hiyo ningefurahi kusikia vimeng'enya vikizungumzwa sokoni. Ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya viumbe, na bila hizo hata kipande cha mkate kisingemeng'enywa. Amilesi iliyo katika mate huanza kuvunja wanga mdomoni, pepsini huvunja protini tumboni, na kongosho humimina lipesi, tripsini na amilesi nyingine kwenye utumbo mwembamba. Mama yeyote wa Lamu anayepaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki, kisha akaharakisha kuichoma kwa kuhofia isije ikalainika kupita kiasi, anaijua kazi ya papaini, kimeng'enya cha papai, hata kama hakuwahi kuketi darasani kwangu.

Wauzaji nao wanaijua kazi hiyo, na onyesho lao ni zuri. Muuzaji huchukua kikombe cha uji mzito, akafungua kapsuli, akamwaga unga wake ndani na kukoroga; baada ya dakika chache uji unakuwa mwepesi kama maji, na umati unapiga makofi. Sikatai alichokionyesha. Mate ya mtoto wa darasa la tano yanaweza kufanya kazi hiyohiyo bure. Lakini uji uliolegea kikombeni haujathibitisha lolote kuhusu sukari iliyo katika damu ya mzee aliyesimama mstari wa mbele, na ni hatua hiyo, kutoka kikombeni hadi kwenye damu yake, ambayo ninawaomba mwikague. Masikitiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kopo linasema lake na muuzaji anasema lake. Mengi ya makopo haya yana maandishi madogo ya Kiingereza mgongoni, yanayosema kwamba bidhaa haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Ni tamko linalotakiwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho, kwa mtengenezaji anayetaka kusifu bidhaa yake bila kuipeleka kupimwa kama dawa. Kwa hiyo mtengenezaji amejikinga kwa Kiingereza kidogo kisichosomeka bila miwani, huku mwakilishi wake akiahidi uponyaji kwa Kiswahili kikubwa kinachosikika hadi gatini. Hilo pekee lingetosha kumwita mtu ofisini na kumwuliza ni kauli ipi kati ya hizo mbili anayoisimamia.

2. Inadaiwa kwamba kimeng'enya kilichomezwa hufika kila mahali mwilini. Kimeng'enya ni protini, na tumbo, kwa asidi yake kali na pepsini yake, limeumbwa kuvunja protini. Sehemu kubwa ya protini tunayomeza, iwe ya samaki au ya kapsuli, huvunjwavunjwa kabla ya kufyonzwa. Wagonjwa wa sukari wanao ushahidi wa jambo hili mikononi mwao: insulini pia ni protini, na hudungwa kwa sindano kwa sababu ikimezwa huvunjwa kabla haijafanya kazi yake. Ikiwa kuna kimeng'enya ambacho sehemu yake ndogo hupenya hadi kwenye damu, basi ni juu ya anayekiuza kuonyesha kiasi gani kilipenya, kilikwenda wapi na kilimfanyia mgonjwa nini. Mzigo huo hauwezi kuwa wa mnunuzi.

3. Vimeng'enya vinavyotibu kweli vipo, na namna vinavyotolewa inatufundisha jinsi ya kuyapima madai ya hivi vingine. Mgonjwa ambaye kongosho lake limeharibika kwa uvimbe wa muda mrefu, au limeondolewa kwa upasuaji, hushindwa kumeng'enya mafuta. Daktari humwandikia vimeng'enya vya kongosho ambavyo punje zake zimefunikwa kwa utando usioyeyuka kwenye asidi ya tumbo, ili vifike salama kwenye utumbo. Kipimo chake huandikwa kwa uniti za lipesi, yaani kwa kazi inayoweza kufanywa. Hata dawa hizo ziliwahi kutiliwa shaka: mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba kila mtengenezaji lazima aombe idhini, kwa kuwa nguvu ya bidhaa moja ilikuwa ikitofautiana na ya nyingine, na waliokosa idhini kufikia mwaka 2010 walitakiwa kuondoka sokoni. Ikiwa dawa halisi ya wagonjwa halisi ilibanwa hivyo, sioni kwa nini kopo la Mkunguni lipite bila hata swali moja.

Mfano mwingine ni lakitesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Watu wazima wengi duniani wana upungufu wake, nao wakinywa maziwa tumbo hujaa gesi. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2012, uliruhusu iandikwe kwamba lakitesi husaidia kumeng'enya laktosi kwa wanaopata shida hiyo, mradi kiwango kisipungue uniti 4,500 katika kila mlo wenye laktosi. Tazameni jinsi dai hilo lilivyo finyu: limetaja kimeng'enya kimoja, kazi moja, watu fulani, na kiwango. Hakuna presha ndani yake, hakuna kusafisha damu. Vivyo hivyo vimeng'enya vya nanasi vimeidhinishwa kuwa dawa, Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022, lakini ni dawa ya kupaka hospitalini ili kuondoa ngozi iliyokufa kwenye majeraha ya moto makali. Anayetumia habari hiyo kuuza kapsuli ya kumeza kwa ajili ya uvimbe wa kizazi ameazima heshima ya kitu kingine.

Makopo tunayouziwa sisi, kinyume chake, mara nyingi huandika miligramu tu, na uzito wa unga hausemi una nguvu kiasi gani. Mengine huorodhesha vimeng'enya kumi chini ya jina la "mchanganyiko maalumu" bila kusema kila kimoja ni kiasi gani. Na kwa kuwa vimeng'enya huharibika kwa joto, ningependa kujua nani anakagua katoni zinazokaa juani Mokowe zikisubiri mashua, ilhali lebo yake inataka mahali penye ubaridi na pakavu.

4. Madai kadhaa ya namna hii yamekwisha kupimwa yakaanguka. Kampuni ya Takeda ya Japani iliuza kwa miaka mingi dawa iitwayo Danzen, yenye kimeng'enya cha serapeptasi, kwa ajili ya uvimbe na makohozi. Mwaka 2011 iliiondoa sokoni yenyewe, baada ya majaribio kushindwa kuonyesha kwamba inakishinda kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kimeng'enya hichohicho bado kinasifiwa kwetu kama ugunduzi mpya.

Kuhusu saratani, jambo ni zito zaidi. Wazo la kutibu saratani kwa vimeng'enya vya kongosho lilianza na John Beard, mwanasayansi wa Uskoti, mwanzoni mwa karne ya 20, na limekuwa likirudi kila kizazi. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 55 wa saratani ya kongosho, ambao 23 kati yao walichagua dawa za kawaida za saratani na 32 walichagua vimeng'enya pamoja na lishe maalumu. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14 kwa kundi la kwanza na miezi 4.3 kwa kundi la pili. Wagonjwa walijichagulia wenyewe, na kwa hiyo mtu anaweza kubishana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, lakini hakuna namna ya kuisoma ikawa ruhusa ya kumwambia mgonjwa aache safari ya kliniki anunue kopo.

5. Mnunuzi hafichuliwi asili ya anachokimeza. Neno "asili" limeandikwa kwa rangi ya kijani na kupambwa kwa picha ya nanasi, lakini vimeng'enya vya kongosho vinavyouzwa kwa jina la pankreatini hutokana kwa kawaida na kongosho la nguruwe. Kwa mgonjwa asiye na njia nyingine, hilo ni suala atakaloliuliza kwa daktari wake na kwa mwanachuoni anayemwamini, nami siingilii hukumu yao. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyeambiwa kwamba anakula mananasi, katika mji kama Lamu, kunyamaza ni udanganyifu, na sijui kama kuna kosa la lebo ambalo wananchi wangelikasirikia zaidi wakilijua.

6. Inasemwa kwamba kilicho cha asili hakidhuru. Mwaka 2008 mamlaka ya Marekani iliagiza dawa za kupaka zenye papaini ziondolewe sokoni kwa kukosa idhini, baada ya ripoti za watu waliopata mzio mkali na kushuka kwa presha kwa ghafla. Bromelaini ya nanasi inahitaji tahadhari kwa anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, kwa hofu ya kutokwa na damu. Sijawahi kumsikia muuzaji akimwuliza mteja anatumia dawa gani nyingine.

Hata hivyo madhara makubwa niliyoyaona hayakutoka ndani ya kapsuli. Jirani yangu, nahodha mstaafu, aliacha vidonge vyake vya sukari alipoanza kopo la pili. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwa utulivu, "Mwalimu, za hospitali zatuliza tu, hii yang'oa mzizi." Sentensi hiyo hakuitunga yeye, ndiyo iliyokuwa ikirushwa kila alasiri na kipaza sauti. Alipopelekwa hospitali, kidonda cha mguu kilikuwa kimeshaanza kutoa harufu, na kwenye mfuko wa kanzu alikuwa na kapsuli zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti, za kumeza adhuhuri.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa baadhi yake nimekwisha kupewa mdomoni. Litakalokuja mbele ni kwamba bidhaa hizi ni chakula na si dawa. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inahesabu kuwa dawa kitu chochote kinachouzwa au kunadiwa kwa ajili ya kutibu, kupunguza au kuzuia ugonjwa, na inakataza chakula na dawa kutangazwa kwa uongo au kwa njia ya kupotosha. Muuzaji akitaka kopo lake libaki chakula, basi alitangaze kama chakula. Akitamka neno sukari au saratani, amejitoa mwenyewe kwenye kapu la chakula na kujipeleka mbele ya Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa nchini.

Kuna jibu la alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya. Alama hiyo, ikiwa ni halali, inahusu kufuata viwango vya utengenezaji. Haisemi kwamba kilichomo kinatibu ugonjwa.

Kuna jibu la kwamba haya ni mambo ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeipa kaunti hospitali na famasia zake, utoaji wa leseni kwa biashara zinazouzia umma chakula, na pia matangazo ya nje. Meza, kipaza sauti na bango vimo humo vyote. Na atakayesema hatuna maabara ya kupima vimeng'enya, nitamjibu kwamba sijaomba maabara. Kusoma mgongo wa kopo na kusikiliza anachosema muuzaji kunahitaji ofisa mmoja, miwani, na alasiri moja pale Mkunguni.

Mwisho kuna ushuhuda wa waliopona, ambao ndio wenye nguvu kuliko yote kwa sababu wanaotoa ushuhuda ni ndugu zetu na hawasemi uongo. Maumivu ya viungo huja na kuondoka yenyewe. Mtu huanza kopo siku yalipomzidi, yakipungua anasifu kopo. Wengine wanaendelea na dawa za hospitali kimyakimya. Aliyepata nafuu hupewa kipaza sauti, na ambaye hakupata hubaki nyumbani kwake, na wengine hawapo tena kusimulia. Ndiyo maana majaribio ya dawa hulinganisha kundi linalopewa dawa na kundi linalopewa kidonge kitupu, wote wakahesabiwa hadi mwisho.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba yafuatayo:

(a) Mchapishe orodha ya bidhaa za vimeng'enya zilizosajiliwa au kupewa leseni ya kuuzwa hapa Lamu, pamoja na madai ambayo kila moja imeruhusiwa kuyatoa. Ombi hili la taarifa ninalitoa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotaka uamuzi ndani ya siku 21, na nakala yake nitaileta tena kwa mkono.

(b) Kibali cha kutumia kipaza sauti au kuweka bango kiwe na sharti kwamba hakuna ugonjwa utakaotajwa kwa jina, isipokuwa kwa bidhaa iliyosajiliwa kuutibu. Sharti hilo liwe kwa Kiswahili, na anayelivunja anyang'anywe kibali.

(c) Kila kopo linalouzwa lieleze kwa Kiswahili jina la kimeng'enya, uniti za kazi yake, na mmea, mnyama au kijidudu kilikotoka.

(d) Wahudumu wa kliniki za sukari na presha, na wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba, waelekezwe kumwuliza kila mgonjwa, bila kumkaripia, ni virutubisho gani anatumia na kama ameacha dawa yoyote. Hili halihitaji sheria mpya wala bajeti, na lingeweza kuanza Jumatatu ijayo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa, na ya kulindwa afya yake. Nimekitaja kwa sababu wakati wa kufuatilia barua yangu ya awali nilielezwa kwamba hakuna mwananchi aliyelalamika. Ninaomba barua hii ihesabiwe kuwa ni malalamiko, ipewe namba, na nijulishwe namba hiyo.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Langoni, Lamu.

Nakala: Wasimamizi wa vituo vya redio vinavyosikika Lamu, ambao wanauza dakika za matangazo kwa wauzaji haohao; na wenye maduka ya dawa mjini na Mokowe.